Barakoa ya Mjomba

Mwaka 2019, kuanzia mwezi Mei hadi Novemba, nilikuwa msimamizi wa dawa wa mjomba wangu, kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa mama yangu, aliyekuwa amegunduliwa kuwa na kifua kikuu cha mapafu. Msimamizi wa dawa ni yule mtu wa nyumbani ambaye mgonjwa humtaja mbele ya muuguzi, ili awe anamwona akimeza vidonge kila siku kwa miezi sita na kumsindikiza siku za kliniki. Siku ya kwanza tulipotoka, muuguzi alimpa barakoa kadhaa za bluu, zile nyepesi za hospitali, akamwomba avae popote penye msongamano. Mjomba alivaa moja pale pale mlangoni, tukapanda daladala ya kurudi Mbagala. Tulipata siti ya watu watatu nyuma ya dereva. Mimi nilikaa dirishani, yeye katikati, na nafasi ya tatu ikabaki tupu kutoka Mtoni hadi Rangi Tatu, ilhali watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni na konda akiendelea kuita abiria.

Tuliposhuka, mjomba aliivua, akaikunja na kuitia mfukoni. Akaniuliza, "Mpwa wangu, kitambaa hiki kinamkinga nani? Mimi nimeshaugua." Nikamjibu kwamba kinawakinga wengine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hao wengine mbona wananikimbia?"

Sikuwa na jibu siku ile. Mwaka uliofuata, korona ilipoingia nchini na mgonjwa wa kwanza kutangazwa tarehe 16 Machi 2020, swali la mjomba likawa swali la kila mtu, na likaulizwa kwa ukali uliotenganisha marafiki na ndugu. Je, barakoa inakinga au haikingi? Nimelifuatilia swali hilo kwa miaka kadhaa, nikisoma tafiti kadiri nilivyoweza na kuwauliza wauguzi niliofahamiana nao kliniki. Nimefikia msimamo ambao nitajaribu kuueleza hapa: barakoa inakinga kweli, lakini kinga yake kubwa zaidi hutokea pale inapovaliwa na mtu ambaye bado hajui kwamba anaumwa, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuipata kinga hiyo iwapo barakoa itaachwa iwe alama ya wagonjwa peke yao.

Nianze na hewa, kwa maana ugomvi mwingi niliousikia ulitokana na kutoelewa ni nini hasa kinachotoka mdomoni. Wakati wa korona niliambiwa mara nyingi kwamba kirusi ni kidogo mno kuliko matundu ya kitambaa, kwa hiyo kinapita kama dagaa wanavyopita kwenye jarife. Hoja hiyo inavutia, na aliyeitoa hakuwa mjinga, kwa sababu ni kweli kwamba kirusi cha korona kina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya maikromita, na maikromita yenyewe ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Lakini kirusi hakisafiri kikiwa uchi. Kinatoka kikiwa ndani ya vitone vya mate na ute, vya ukubwa wa kila namna, kuanzia vile vinavyoonekana mtu anapopiga chafya juani hadi vile vidogo visivyoonekana kabisa, ambavyo hutoka hata mtu anapozungumza kwa sauti ya kawaida au anapopumua tu. Kitone kikishatoka, maji yake hukauka upesi, nacho husinyaa. Kilichokuwa kikubwa kiasi cha kuanguka chini kinaweza kubaki chepesi kiasi cha kuelea, na katika chumba kisicho na mzunguko wa hewa kinaweza kuelea kwa saa kadhaa. Ndivyo bakteria wa kifua kikuu wanavyosafiri, na ndivyo korona ilivyosafiri pia, ingawa jambo hilo la pili lilichukua muda mrefu kukubalika.

Wasomaji wanaoimba kwaya watanielewa nikiwakumbusha kisa cha Skagit, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya jioni yaliyochukua muda wa saa mbili na nusu. Walikuwa wamesikia habari za ugonjwa, na walijitahidi kutopeana mikono wala kukumbatiana. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na za mafua ya kawaida. Baada ya siku chache, watu 53 kati yao walihesabiwa kuwa wameugua, wakiwamo waliothibitishwa kwa vipimo na waliodhaniwa kutokana na dalili, na wawili walifariki dunia. Hakuna aliyevaa barakoa jioni ile, na hakuna aliyekuwa na sababu ya wazi ya kuivaa.

Kutoka kwenye tabia hiyo ya vitone kukauka na kusinyaa linapatikana jambo ambalo laiti ningelijua siku ile ya daladala, ningemjibu mjomba vizuri zaidi. Ni rahisi mno kukinasa kitone kikiwa bado kikubwa na chenye maji, pale pale kwenye midomo ya anayekitoa, kuliko kukinasa baadaye, kikiwa kimeshakauka na kutawanyika chumba kizima, kwenye pua ya mtu wa pili. Ndiyo maana barakoa nyepesi ya bluu, ambayo inaacha mianya mashavuni na kuruhusu hewa kuingia pembeni, inafanya kazi nzuri kwa mgonjwa na kazi hafifu zaidi kwa anayemhudumia. Muuguzi anayeingia wodi ya kifua kikuu sugu anapaswa kuvaa ile ya N95, inayobana uso pande zote na kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe zilizo ngumu kuliko zote kunaswa, zenye ukubwa wa takriban maikromita 0.3. Na hapa hoja ya jarife inaanguka kabisa, kwa kuwa kichujio cha namna hiyo hakifanyi kazi kama chekecheo. Kimetengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana za plastiki zilizorundikwa ovyo na kutiwa chaji ya umeme, hivyo chembe hugongana na nyuzi, au huvutwa nazo kama nywele zinavyovutwa na chanuo lililosuguliwa. Chembe ndogo kupita kiasi hazisafiri kwa mstari ulionyooka. Zinayumba huku na huku hewani, na kwa kuyumba huko zinaigusa nyuzi mojawapo na kuganda. Mwaka 2020 niliwaona majirani wakifua barakoa za hospitali kwa sabuni na kuzianika kambani pamoja na leso. Nilitamani kuwaambia kwamba maji na sabuni vinaiondoa ile chaji, na kinachobaki kambani kinafanana na barakoa kwa sura tu.

Utafiti ulionishawishi kuliko mwingine wowote haukuhusu korona. Ulifanyika Afrika Kusini, katika mji wa Witbank, ambao sasa unaitwa eMalahleni, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Watafiti walikuwa na wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu, na juu yake kulikuwa na vyumba viwili vya simbilisi, wale wanyama wadogo ambao Nyanda za Juu Kusini hufugwa kama sungura. Simbilisi huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi mkubwa, kwa hiyo wamekuwa wakitumika tangu zamani kuipima hewa ambayo hakuna mashine inayoweza kuipima vizuri. Kila chumba kilikuwa na simbilisi 90. Kwa muda wa miezi mitatu, wagonjwa 17 walivaa barakoa za kawaida za hospitali siku moja na kuacha siku iliyofuata. Siku za kuvaa, hewa ya wodi ilielekezwa kwenye chumba cha kwanza. Siku za kutovaa, ilielekezwa kwenye chumba cha pili. Wagonjwa walikuwa wale wale na wodi ilikuwa ile ile. Mwishoni, katika chumba kilichopokea hewa ya siku zisizo na barakoa, simbilisi 69 kati ya 90 walikuwa wameambukizwa. Katika chumba kilichopokea hewa ya siku za barakoa, walioambukizwa walikuwa 36.

Nimezitazama namba hizo mara nyingi, na zinanifundisha mambo mawili ambayo watu wa pande zote mbili za ugomvi hawapendi kuyasikia kwa pamoja. La kwanza ni kwamba barakoa ile ile aliyopewa mjomba, nyepesi, ya bei ndogo, isiyobana uso, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Simbilisi hawana siasa, hawaogopi wala hawajipi moyo, na hawawezi kubadili mwenendo wao kwa kujua kwamba wanachunguzwa. La pili ni kwamba simbilisi 36 waliambukizwa hata hivyo. Anayesema barakoa ni ukuta hasemi kweli, kwa sababu wanyama hao walikuwa kwenye chumba kingine kabisa na ugonjwa ukawafikia kwa kupitia bomba la hewa. Kinga hii ni ya kupunguza. Kwa mtu mmoja, siku moja, upunguzaji huo unaweza usionekane kabisa. Katika mji wenye mamilioni ya watu wanaopanda daladala asubuhi na jioni, ni tofauti kati ya wodi yenye nafasi na wodi ambayo wagonjwa wanalazwa sakafuni.

Sasa niseme la nyumbani kwetu, kwa kuwa ndilo lililonifanya nifikirie habari ya muda. Mjomba alikohoa kwa karibu miezi mitatu kabla ya kupimwa. Alinunua dawa ya maji ya kikohozi kwenye duka la dawa, akamaliza chupa ya kwanza, akaongeza ya pili, kisha akapewa vidonge vya antibayotiki bila kipimo. Sote tulisema ni vumbi, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi ya ufundi seremala. Jioni tulikaa naye sebuleni tukitazama taarifa ya habari na mpira, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mbu, na binti wa dada yangu, aliyekuwa na miaka minne, akilala kifuani pake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria barakoa katika miezi ile mitatu. Makohozi yalipopimwa na jibu kutoka, ndipo tulipoanza kuwa na hofu: tulimtengea kikombe na sahani, tukawa tunakaa mbali naye, na barakoa ikawa lazima.

Lakini muuguzi alitueleza jambo ambalo lilinichoma. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida akishaanza dawa zinazofaa na kuzimeza ipasavyo, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka, ndani ya siku chache hadi majuma machache. Sahani na kikombe havikuwa na hatia yoyote tangu mwanzo, kwa sababu ugonjwa huo hauambukizwi kwa vyombo. Maana yake ni kwamba tulimkimbia mjomba katika miezi ambayo alikuwa karibu hana madhara kwetu, na tulimkumbatia katika miezi ambayo alikuwa hatari. Mtoto yule alipimwa, akaonekana hana dalili, akaanzishiwa dawa ya kinga, nasi tukawa tunamsagia kidonge kwenye uji kila asubuhi kwa miezi sita. Alibaki salama. Mimi nilibaki na fikra kwamba barakoa ilifika nyumbani kwetu ikiwa imechelewa, na ilipofika haikuwa tena na kazi kubwa ya kukinga. Ilikuwa na kazi ya kumtambulisha mgonjwa.

Hali hiyo haikuwa ya nyumba yetu peke yake. Tafiti za kitaifa za kifua kikuu katika nchi mbalimbali, zile ambazo watu hupimwa mitaani bila kusubiri waje hospitali, zimeonyesha kwamba takriban nusu ya wanaokutwa na bakteria hawasemi kwamba wana dalili zozote. Korona nayo ilikuwa na tabia ya kuambukiza kwa nguvu siku moja au mbili kabla mtu hajahisi homa, na wengine hawakuhisi chochote kabisa. Ukimwambia mgonjwa peke yake avae barakoa, unamwambia mtu ambaye ameshajulikana. Wanaoeneza ugonjwa kimyakimya hawakusikii, kwa kuwa hawadhani kwamba unasema nao. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, ambalo katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2020 halikushauri watu wenye afya njema wavae, kwa sehemu likihofia uhaba kwa wahudumu wa afya, lilibadili ushauri wake tarehe 5 Juni mwaka huo na kupendekeza barakoa za kitambaa zenye tabaka tatu kwa watu wote pale ambapo ugonjwa umeenea na nafasi ya kukaa mbalimbali haipo. Mabadiliko hayo yaliwavunja moyo wengi na kuwapa wabishi silaha. Nadhani yangeelezwa mapema na kwa uwazi zaidi, lakini sababu yake ilikuwa ya kweli.

Wazo hilo halikuanza na korona. Mwezi Desemba 1910 daktari kijana aitwaye Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alipelekwa Harbin, kaskazini mashariki mwa China, ambako watu walikuwa wakifa kwa tauni. Baada ya kuuchunguza mwili wa marehemu mmoja alishawishika kwamba tauni hii ilikuwa ya mapafu na kwamba ilipita katika pumzi ya mtu kwenda kwa mtu, wakati ambapo wakubwa wake wa taaluma waliamini kwamba tauni hutoka kwa panya na viroboto tu. Akawataka madaktari, wauguzi na wahudumu wote wavae barakoa ya pamba iliyofungwa kwa shashi. Daktari wa Kifaransa, Gérald Mesny, aliyekuwa na cheo na uzoefu kumzidi, alilikataa wazo hilo na kuingia wodini bila barakoa. Akaambukizwa na kufa baada ya siku chache. Sitaki kukitumia kifo hicho kama ushahidi wa kisayansi, kwa kuwa mtu mmoja hathibitishi kitu, na ugonjwa ule ulikomeshwa pia kwa karantini, kuzuia safari za reli na kuchoma maiti. Watu wapatao 60,000 walikufa kabla haujaisha mwaka 1911.

Wanaosema barakoa hazikingi wana tafiti zao pia, na haifai kuzipuuza. Huko Denmark, kati ya Aprili na Juni 2020, watu wapatao 6,000 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likishauriwa kuvaa barakoa za hospitali nje ya nyumba na kupewa za bure, jingine likiachwa bila ushauri huo. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 1.8 ya kundi la barakoa walikuwa wameambukizwa korona, na asilimia 2.1 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ya bahati tu. Habari hiyo ilisambaa ikiwa na kichwa kwamba barakoa hazina maana. Lakini yafaa kuuliza ni nini hasa kilichopimwa. Wakati ule karibu hakuna mtu mwingine aliyevaa barakoa mitaani Denmark, kwa hiyo utafiti uliipima barakoa kwa upande wake dhaifu, yaani kumkinga anayeivaa dhidi ya hewa iliyokwisha kuchafuliwa na wengine. Aidha, waliokiri kwamba waliivaa kama walivyoelekezwa hawakufika nusu ya kundi. Swali la mjomba, kwamba inawakinga wengine au la, halikuulizwa kabisa.

Utafiti wa Bangladesh ulilikaribia zaidi. Kuanzia Novemba 2020 hadi Aprili 2021, zaidi ya watu wazima 340,000 katika vijiji 600 walihusishwa, na hapa kilichogawanywa ni vijiji badala ya mtu mmoja mmoja. Katika nusu ya vijiji, watu waligawiwa barakoa bure, viongozi na maimamu waliombwa kuwa mfano, na vijana walipita sokoni na misikitini kuwakumbusha watu kwa upole. Kiwango cha uvaaji kilipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, watu waliopata dalili na ambao damu zao zilithibitisha maambukizi walipungua kwa asilimia 11, na miongoni mwa wenye miaka 60 na zaidi walipungua kwa asilimia 35. Kwa barakoa za vitambaa matokeo hayakuwa wazi. Wapo wataalamu waliokosoa hesabu hizo, na mimi sina uwezo wa kuwa mwamuzi wao. Ninachokiona ni kwamba hata baada ya jitihada zote hizo, zaidi ya nusu ya wanavijiji waliendelea kutovaa, na bado kulikuwa na upungufu unaohesabika.

Kwa hiyo, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwezi Januari 2023 yaliponukuliwa kila mahali kama hukumu ya mwisho kwamba barakoa hazifanyi kazi, sikushangaa mhariri mkuu wake, Karla Soares-Weiser, alipotoa maelezo mwezi Machi kwamba tafsiri hiyo haikuwa sahihi. Mapitio yalichunguza iwapo kuhimiza watu wavae barakoa kunapunguza kuenea kwa magonjwa ya njia ya hewa, na jibu lilikuwa kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuamua. Kitambaa kuzuia chembe ni jambo moja. Watu kukivaa, kwa wakati unaofaa, mahali panapofaa, ni jambo la pili. Kuhusu la kwanza, simbilisi wa Witbank walishanijibu. Kuhusu la pili, jibu linategemea jamii yenyewe inavyoichukulia barakoa, nami naamini hapo ndipo tulipokosea zaidi, kila nchi kwa namna yake.

Neno barakoa lina historia ya heshima. Katika Zanzibar ya masultani, na katika Oman, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa koo kubwa, na huko Ghuba wapo akina mama watu wazima wanaoivaa hadi leo. Aliyeivaa alitambulika kuwa mtu wa hadhi. Kwetu, kwa karne moja baadaye, neno hilo hilo lilirudi likiwa alama ya mtu wa kuepukwa, kisha, mwaka 2020, likawa alama ya msimamo: kwa wengine aliyevaa alikuwa mwoga au mtu asiye na imani, kwa wengine asiyevaa alikuwa muuaji. Jirani zetu wa Kenya waliitungia kanuni yenye faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Ndugu zangu walioko Nairobi walinisimulia jinsi watu walivyoivaa kidevuni na kuipandisha puani walipomwona askari, kisha kuishusha walipoingia ndani ya matatu, yaani mahali penyewe ilipohitajika. Huku kwetu hakukuwa na adhabu ya namna hiyo, lakini hadi mwezi Februari 2021, Rais Magufuli alipohimiza wananchi wavae barakoa, akizipendelea zinazoshonwa nchini, wengi walikuwa wameshaacha. Sielewi kwa nini tunaona ni lazima kuchagua kati ya polisi na ukimya. Wale vijana wa Bangladesh waliosimama sokoni wakiwa na boksi la barakoa mkononi, wakimwambia mzee, "Shikamoo, chukua hii," kwa lugha yao na kwa adabu yao, walifanya kazi ambayo faini haiwezi.

Yapo magonjwa ambayo barakoa si hoja kubwa. Kipindupindu hakipiti puani. Marburg iliyozuka Kagera mwezi Machi 2023 ilihitaji glovu, mavazi kamili ya kujikinga na uangalifu katika mazishi, kwa sababu huenezwa kwa kugusa majimaji ya mwili. Pia barakoa ina gharama zake: viziwi wanaosoma midomo hupoteza mazungumzo, na watoto wanaojifunza kusema hawauoni mdomo wa mwalimu. Na hakuna barakoa inayolizidi dirisha lililo wazi pande mbili za chumba, ambalo halihitaji kununuliwa wala kukumbushwa. Nikiambiwa nichague kimoja kwa ajili ya daladala za jiji hili, ningechagua vioo vifunguliwe, hata wakati wa mvua nyepesi. Lakini hakuna aliyetulazimisha kuchagua kimoja.

Mjomba alimaliza dawa Novemba 2019, makohozi yake yakawa safi, akarudi kwenye useremala. Mwezi Aprili 2020 nilipanda naye tena gari la Mbagala. Karibu kila mtu alikuwa amevaa barakoa, nyingi zikiwa za vitenge vilivyoshonwa na mafundi wa mtaani, nyingine za bluu. Mjomba alivaa ya kwake, na mama mmoja mwenye kikapu cha mboga akakaa kando yake, bega kwa bega, akaanza kumuuliza habari za bei ya mbao. Sikumbuki kumwona akiwa amestarehe namna ile katika safari zetu zote za kliniki.

Mwezi Juni mwaka 2024 alikuja kututembelea siku ya Jumapili. Alibisha hodi, na alipofunguliwa hakuingia mara moja. Alibaki barazani akitafuta kitu mfukoni, akatoa barakoa, akaivaa na kuibana puani kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na muuguzi. Binti wa dada yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alimpokea kwa shikamoo kisha akamtazama usoni kwa mashaka.

"Babu, unaumwa?"

"Sijui bado, mjukuu wangu," mjomba akamjibu. "Nimeamka koo linawasha. Nenda ukafungue madirisha kwanza, halafu urudi tukae."